Mahindi ya Cucu Ciakuthii

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeshika, na leo tumepanda kwangu. Bwana Kathuri wa kilimo alituambia kikundi kichague mtu mmoja wa kuandika yale tutakayoona shambani mpaka tuvune: mvua, wadudu, rangi ya majani, kila kitu. Wanawake wote wakaangalia miguu yao. Njoki, ambaye ni mwenyekiti wetu, akanionyesha mimi, akasema Mama Winrose ndiye alifika darasa la sita, sisi wengine macho ni mabaya. Macho hayo hayajawahi kuwa mabaya siku ya kuchagua vitenge Runyenjes.

Haya, naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiembu sikufundishwa kukiandika. Winrose, binti yangu, anasema nisiogope makosa, hakuna mwalimu wa kusahihisha.

Jumatano, 26 Machi

Tumepanda kwa Njoki. Uji ulitosha. Mgongo unauma.

Ijumaa, 28 Machi

Leo ilikuwa zamu ya Cucu Ciakuthii, nyanya yetu sote kijijini, ndiyo maana tunamwita Cucu. Kikundi chetu kinafanya kazi kwa zamu, leo sote tunalima kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mpaka mzunguko uishe. Cucu hana nguvu ya jembe tena. Mume alikufa zamani, na mtoto wake mmoja alienda kutafuta kazi akakaa kimya miaka mingi. Kwa hivyo yeye hulipa zamu yake kwa kutupikia uji kwa kila shamba. Anaubeba mwenyewe kwa ndoo, na anajua nani anataka sukari na nani tumbo lake linakataa maziwa.

Shamba lake liko juu kabisa, mteremko wote unaanzia kwake, yetu yako chini yake moja baada ya jingine. Mwanangu mdogo Njagi alikuja kutoka shule ya chekechea akalala kwa mapaja ya Cucu. Nilimwambia amuamshe asije akamlowesha. Akasema acha alowe, nguo hukauka.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mahindi yamefika kwa kifundo cha mguu.

Jumanne, 22 Aprili

Palizi kwa wote. Njagi anakohoa. Nimempaka mafuta kifuani, nimemfunika, nimemfunua kuangalia kama anapumua, nimemfunika tena.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua. Riungu, mume wangu, alipiga simu kutoka Meru mjini, anakofanya kazi kwa bucha ya Kasim. Aliuliza kama mahindi ni mazuri. Nikasema ni mazuri mpaka naogopa kuyasifu.

Alhamisi, 8 Mei

Kwa Cucu nimeona mahindi ambayo sijayapenda. Majani yanageuka manjano kuanzia pembeni, na lile jani changa la katikati, moyo wake, limekauka kabisa. Ukilivuta linatoka mkononi. Cucu anasema ni kiu. Lakini kwangu hakuna kiu, na udongo ni mmoja.

Jumanne, 13 Mei

Bwana Kathuri amekuja. Alitembea kwa shamba la Cucu mistari yote, akirudi hakuwa na ile michezo yake. Ugonjwa huo una jina la Kizungu la herufi tatu. Alisema hauna dawa. Ukinyunyizia, unaua wadudu wanaoubeba, lakini mmea ulioshikwa umeshashikwa, na hata ukizaa unazaa gunzi lenye meno machache kama mdomo wa mzee. Hapo Cucu alicheka, akaonyesha meno yake.

Dawa ni kung'oa. Kung'oa, kuchimba shimo palepale, kuzika. Alirudia mara nyingi kwamba mabua yasitoke kwa hilo shamba, kwa sababu wale wadudu wadogo wanakaa ndani ya majani, na ukiyabeba unawabeba. Mikono na mapanga tuoshe kwa sabuni kabla ya kuingia shamba la mwingine. Alisema tukifanya hivyo wiki hii, mashamba ya chini yatapona.

Njoki akamuuliza je, tukiacha? Akasema tukiacha, Julai tutavuna majani.

Alhamisi, 15 Mei

Tulikaa nyuma ya kanisa, bila Cucu, kuamua kama mahindi yake yote yang'olewe. Hakuna aliyesema hapana. Njoki alisema vizuri, hata mimi nilimpenda leo. Alisema haiwezekani mtu mmoja apoteze chakula chake ili sisi wengine tule halafu tumsahau. Kila mmoja wetu, tukivuna, atampelekea Cucu debe moja la mahindi safi. Tulinyoosha mikono, tukaomba, tukasema amina.

Halafu wakasema niende mimi kumwambia, kwa sababu ananipenda.

Nilimkuta anachagua maharagwe. Nilizunguka, nikaongea habari ya kikohozi cha Njagi, nikaongea habari ya kuku. Mwishowe akaniambia, "Mama Winrose, toa hicho kitu kabla hakijakunyonga."

Nikamwambia. Hakulia. Aliuliza tu, "Yote? Hata yale ya upande wa mgomba? Yale bado ni kijani."

Nikasema yote, Bwana Kathuri amesema ya kijani pia yameshaumwa ndani.

"Na nitakula nini?"

"Cucu, kila mtu atakuletea debe. Tumenyoosha mikono."

"Na wewe ulinyoosha?"

"Mimi nilinyoosha wa kwanza."

Akasema basi hakuna shida. Akasema sisi ni watoto wake, na mtu akikaa na watoto tisa hawezi kufa njaa. Akanipa maharagwe ya Njagi kwa karatasi.

Jumamosi, 17 Mei

Nataka kuandika leo yote kama ilivyokuwa.

Tulifika asubuhi na mapanga. Bwana Kathuri hakuja, aliitwa Ishiara kwa mkutano. Cucu alikuwa ametupikia uji. Alitupikia uji wa kuja kung'oa mahindi yake. Ulikuwa mzito, na aliweka sukari ya wote.

Tulianza na yale mabaya. Yanatoka rahisi, mizizi imechoka. Kisha tukafika kwa yale ya mgomba, marefu, yenye mbelewele zinaanza kutoka, na hapo mikono ilikuwa mizito. Cucu alisimama kando. Kila tukifika mwisho wa mstari alikuwa anasema asanteni.

Shimo tuliacha nusu. Udongo ulikuwa mgumu, jua lilikuwa kali, na tangu mvua ipungue nyasi za ng'ombe zimekuwa shida, matete yamekauka mpaka barabarani. Sisi sote tuna ng'ombe zizini wanaolia asubuhi mpaka jioni. Na hapo mbele yetu kulikuwa na mlima wa mabua, mengine mabichi kabisa, yanatoa maji. Mama yangu angenifufukia kama ningezika chakula cha ng'ombe.

Njoki ndiye alitoa kwanza kamba yake ya kubebea mizigo kichwani. Alisema ugonjwa ni wa mahindi, si wa ng'ombe, hata Kathuri hakusema ng'ombe watakufa. Akafunga mzigo wake. Nikasema, "Lakini alisema yasitoke hapa." Njoki akanijibu, "Wewe andika yako, sisi tufunge yetu." Wakacheka. Mama Kagure akasema Kathuri analisha pikipiki, hajui njaa ya ng'ombe.

Halafu nikafunga mizigo miwili. Naandika hivi kwa sababu leo ni leo na nimefanya leo. Nilishuka na kile kijia kinachopita kati ya mahindi yetu, majani yakiburuta pande zote mbili, na wale wadudu wadogo weusi walikuwa shingoni mwangu wakiniwasha. Ng'ombe wangu alikula mpaka akalala.

Cucu aliuliza kama na mbuzi wake anaweza kubakishiwa. Kulikuwa kumebaki makapi.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani. Njoki aliombewa kwa uongozi mwema.

Jumatatu, 26 Mei

Cucu amepanda maharagwe pale palipokuwa mahindi. Mvua haipo.

Jumapili, 8 Juni

Yamekuja kwangu. Mawili, yako kando ya kijia. Niliyang'oa mbio, nikayazika nyuma ya choo, nikaosha mikono mpaka kwenye kiwiko. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 10 Juni

Saba mengine. Yote kando ya kijia, na nyuma ya zizi.

Ijumaa, 13 Juni

Yako kwa Njoki, yako kwa Mama Kagure, yako kwa wote. Nimetembea mashamba yote na naona kitu kimoja: yameanza kwa kijia tulichoshukia, na karibu na mazizi. Hayakuanzia juu karibu na Cucu. Pale mpakani mwa Cucu mahindi ni mazima.

Bwana Kathuri alikuja na kuuliza, "Mlizika?" Njoki akasema, "Tulizika." Bwana Kathuri akaniangalia mimi mwenye kuandika. Niliangalia miguu yangu kama wale wengine siku ile ya kwanza. Akasema hajui basi, labda tulichelewa. Akatuambia tung'oe haya mapya na tuzike. Wachache waling'oa. Wengi waliogopa kubaki bila kitu.

Jumanne, 17 Juni

Baridi na ukungu. Maharagwe ya Cucu yametoa maua yakakauka.

Alhamisi, 19 Juni

Sasa kuna maneno. Mama Kagure anasema siku ya kung'oa, Cucu alikuwa anasema asante, asante, kila mstari, na mtu wa kawaida haambii asante mtu anayemng'olea chakula. Kwa hivyo alikuwa anasema kitu kingine moyoni. Njoki hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Mimi sisemi. Lakini mjiulize."

Jumamosi, 21 Juni

Tulikuwa tukipalilia viazi kwa Njoki. Cucu alikuja na ndoo yake ya uji kama kawaida, anapumua kwa shida sababu ya uzito na ule mteremko. Njoki alipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamwambia apumzike nyumbani, siku hizi kikundi kitakuwa kinapika chenyewe. Cucu akauliza nani atapika. Njoki akasema tutapanga. Cucu alipopanda kidogo kurudi kwake, Njoki alimwaga uji wote kwenye mtaro. Alimwaga polepole ili usirushe matone kwa sketi yake.

Cucu alikuwa amesahau kikombe. Alikuwa amegeuka kukifuata. Aliona.

Alichukua kikombe akaenda. Sisi tukarudi kwa majembe, na mimi pia. Nilikuwa na njaa, nafikiri nitaandika hata hilo, nilikuwa na njaa na ule uji.

Jumatano, 2 Julai

Njagi aliuliza kwa nini Cucu haji. Nikamwambia anazeeka.

Jumanne, 22 Julai

Tumevuna. Shamba lililokuwa linajaza ghala langu limejaza kona. Magunzi mengi ni matupu, mengine yana punje za hapa na pale, na ukungu umeingia. Winrose na mimi tulikaa uani kuchagua, nzuri huku, mbaya huku. Bwana Kathuri ametukataza kula yenye ukungu, hata kuwapa kuku, inaua polepole. Winrose anasema na njaa je, inaua haraka? Ana ulimi huyu mtoto. Nilimwambia achague.

Hata hivyo si sote tumepata sawa. Njoki ana ekari ya pili upande wa mto, haikuguswa.

Jumamosi, 2 Agosti

Mkutano nyuma ya kanisa. Nilisimama nikauliza habari ya madebe ya Cucu.

Njoki alisema anashukuru Mama Winrose kwa kuuliza. Alisema ahadi ilikuwa tung'oe ya mmoja ili ya wote yapone. Je, yamepona? Kama hayajapona, ahadi inasimama kwa mguu gani? Wakaitikia. Mama Kagure akasema ampelekee mahindi yule aliyemkaushia? Labda na kuku amchinjie.

Nikasema, "Sisi ndio tuliyakausha. Tulibeba mabua. Ugonjwa ulishuka na migongo yetu, na wangu ulibeba mizigo miwili."

Nilisikia mtoto wa mtu akinyonya. Njoki hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniuliza kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Mama Winrose, uliandika hivyo kwa Kathuri?"

Nilikaa chini.

"Basi usituandikie hapa."

Halafu wakapiga kura kama kila mtu aamue na roho yake kuhusu debe. Hiyo maana yake tunaijua. Na wakapiga kura nyingine: mimi nipumzike msimu mmoja, wasinilimie na nisiwalimie, mpaka nitulie. Walinyoosha mikono ileile.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempelekea Cucu debe langu. Amekonda, shingo imekuwa kamba. Anapika majani ya maboga na chumvi.

"Hili ni la kikundi?" aliuliza.

"Ni langu, Cucu."

"Na wale wengine?"

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ananiangalia kama Njagi akingoja nimwambie kama sindano itauma. Nikasema, "Bado wanaanika. Watakuja."

Akasema alijua. Akasema ile siku ya uji ilimsumbua, alifikiri labda wamemchukia, lakini huenda uji ulikuwa umeingia inzi.

Alhamisi, 14 Agosti

Anakaa mlangoni akiangalia kijia. Mtu akipita anasimama, anajipangusa mikono. Mtu anapita.

Jirani wa upande ule anasema juzi hakula.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepeleka debe la pili. Nililichagua mwenyewe punje kwa punje, sikutaka hata moja iliyobadilika rangi. Nikamwambia linatoka kwa Njoki.

Alilia. Kwa langu hakulia.

Riungu alipiga simu, Winrose alikuwa amemwambia. Aliniuliza watoto wake wale nini, huruma yangu? Nikasema tutaongeza mihogo. Akasema mihogo aliyeipanda ni nani. Akakata.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani, wakati wa shukrani, Cucu alisimama. Alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe. Alisema kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba alikuwa amemhukumu mtu moyoni, na Mungu amemwaibisha, kwa sababu mtu huyo amemletea debe la mahindi safi kuliko aliyowahi kuona msimu huu. Akataja jina: Njoki.

Watu wakapiga makofi. Nilimwangalia Njoki. Nilifikiri atashtuka, ataniangalia, kitu. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Tulifundishwa kutoa." Watu wakasema amina. Wale wengine wa kikundi walipiga makofi kuliko wote.

Nje alinishika mkono. Mkono wake ni laini, umepakwa mafuta. Akaniambia, "Asante kwa kunipa jina zuri. Lakini usinitaje tena, watu wataanza kuniomba." Halafu akauliza kikohozi cha Njagi kinaendeleaje.

Jumanne, 19 Agosti

Njagi amelala bila kumaliza mihogo, anasema inamkwaruza. Nilimbembeleza. Winrose haongei na mimi.

Jumapili, 24 Agosti

Cucu ametualika chakula, mimi na Njoki. Njoki alituma salamu kwamba ana mgeni. Nilienda na Njagi.

Alikuwa amepika githeri, mahindi pamoja na maharagwe ya mwisho ya yale aliyokuwa akichagua siku ile ya Mei. Alimpakulia Njagi kwanza. Njagi alikula kama mtu aliyetoka safari.

Nikamwuliza anaendeleaje na chakula, bado kiko? Akasema kiko, hii ni ya Njoki, anaipika kidogo kidogo isiishe. Nikauliza, na lile langu?

Akanishika goti. Alisema nisikasirike, yeye ni mtu wa kusema ukweli na ananipenda kama mtoto. Lile langu lilikuwa na punje mbaya, aliona, na alijua hali yangu si nzuri kwa hivyo hakutaka kunisema. Alilipeleka kwa jirani, wakalibadilisha na chumvi na mafuta ya taa.

"Wewe ulitoa ulichonacho," akaniambia. "Lakini Njoki ana moyo, Mama Winrose. Jifunze kwa Njoki."

Nikasema ndiyo, Cucu.

Akaniongezea sahani. Ilikuwa tamu, nilikula yote.